Krimu Nambari Nne

Kitabu cha vipodozi nilikirithi kwa karani mwenzangu, mwanamke wa kutoka bara aliyekaa Garissa miaka miwili akiomba uhamisho kila muhula. Barua ilipomfikia, alifunga virago asubuhi moja na kugawa vitu asivyotaka kubeba. Ndoo ilikwenda kwa mfagizi, jiko kwa jirani, na mimi, niliyekuwa nikipiga taipu kwenye meza iliyoelekeana na yake, akaniachia kitabu kile. Kilikuwa chembamba, chenye kurasa za kung'aa, na kila ukurasa ulikuwa na uso wa mwanamke aliyeonekana hajawahi kupigwa na vumbi. Kampuni yenyewe ilikuwa mpya, ya Nairobi, na haikuwa na duka. Ulichagua vitu, ukajaza fomu iliyobanwa katikati ya kitabu, ukaituma pamoja na posta oda kwenye sanduku lao, nao wakakuletea kifurushi hadi posta ya mji wako. Kwenye jalada waliandika kwamba urembo sasa ni wa kila mwanamke. Bei zao zilikuwa nafuu kweli. Hata mimi, mwenye mwaka mmoja tu kazini, niliziweza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka ishirini. Babangu alikuwa Msomali wa Wajir, dereva wa lori. Mamangu alikuwa Mbajuni wa upande wa Lamu. Nyumbani tulizungumza Kiswahili cha mama au Kisomali cha baba, kutegemea ni nani aliyekasirika. Nilikuwa nimesoma shule ya bweni mbali na nyumbani, na nilirudi nikijiona ninajua mambo. Urembo wa pale kwetu niliuona umepitwa na wakati: qasil, yale majani yanayosagwa na kuoshewa uso, manjano ya kujipaka, hina, udi. Mamangu alinukia vizuri mwaka mzima kwa vitu hivyo, na ngozi yake ilikuwa laini kuliko yangu, lakini sikuliona hilo.

Kifurushi cha kwanza kilichukua karibu mwezi. Mabasi ya Nairobi siku zile yalisafiri kwa msafara, yakisindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi wa njiani, na mifuko ya barua ilingoja msafara kama abiria wengine. Kila siku saa ya chakula nilivuka uwanja kwenda posta, na kila siku karani wa dirishani alitikisa kichwa kabla sijafika. Siku aliyonipungia mkono sikukifungua kifurushi njiani. Nilikipeleka hadi chumbani, nikafunga mlango, nikavipanga vitu vyangu juu ya kitanda: rangi mbili za mdomo, wanja wa penseli, poda katika kikopo chenye kioo ndani ya kifuniko, rangi ya mashavu, na krimu ya kupaka chini ya poda.

Krimu ndiyo niliyoingoja zaidi. Kitabu kilieleza kwamba inafunika madoa na kuufanya uso mzima uwe wa rangi moja. Ilikuja katika rangi nane, zilizochapwa kwa safu kama vifungo vya shati, nawe ulichagua iliyofanana na ngozi yako. Nilikuwa nimeweka mkono wangu kando ya ukurasa mchana kweupe, nikachagua nambari nne. Kumbe wino wa kitabu ulikuwa na mambo yake. Nilipojipaka, nilionekana kama mtu aliyekanda unga wa ngano kisha akajikuna uso.

Nilivijaribu vyote wiki ile. Rangi ya mdomo ilinukia peremende, na kufikia siku ya tatu joto la Garissa lilikuwa limeigeuza mchuzi ndani ya kifuniko chake. Poda ilikuwa nzuri mpaka utokwe na jasho, na kwetu mtu hutokwa na jasho akiwa ameketi. Wanja ulikuwa mzuri kabisa. Sijapata tena mweusi namna ile. Rangi ya mashavu niliipaka siku babangu aliporudi kutoka safari. Alinitazama wakati wa chakula, akanitazama tena, kisha akamwuliza mama kwa sauti ya chini kama nimepimwa malaria.

Basi krimu nambari nne ilibaki dirishani, haina mwenyewe, mpaka binamu yangu alipokuja.

Alikuwa binti wa eddo, yaani shangazi, dada wa babangu aliyeolewa Griftu. Alinizidi mwaka mmoja. Tangu tukiwa wadogo alikuwa akija kwetu kila likizo, tukilala mkeka mmoja, na nikisema kwamba sijampenda mtu mwingine wa rika langu kama yeye sitakuwa nimeongeza chumvi. Alikuwa mwepesi wa kucheka. Aliweza kuigiza mwendo wa mtu yeyote, ngamia yeyote, mwalimu yeyote. Sasa alikuwa ameposwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyefundisha Garissa, na harusi ingefanyika kwetu, kwa hiyo aliletwa miezi miwili kabla ili mamangu amsaidie kujiandaa.

Lazima niueleze uso wake, ingawa ningependa nisifanye hivyo. Ulikuwa mrefu, wenye macho makubwa, na rangi yake ilikuwa ya maji ya kunde kuliko yangu. Na ulikuwa na alama nne za moto. Moja ilikuwa katikati ya paji, moja juu ya kila unyusi, na moja kwenye shavu la kushoto. Kila moja ilikuwa kubwa kama punje ya hindi, laini, nyeupe kidogo kuliko ngozi iliyoizunguka. Alipokuwa mtoto wa miezi sita, kule Hadado, alishikwa na homa kali na degedege. Hospitali ilikuwa mbali, na hapakuwa na gari. Eddo alishindwa kutazama, akaondoka. Nyanya yetu ndiye aliyepasha kijiti moto alfajiri na kumchoma mara nne, kama watu wa kwetu walivyofanya tangu zamani mtoto alipokaribia kuwaponyoka. Jua lilipochomoza mtoto alinyonya. Hadithi hiyo ilisimuliwa kwetu mara nyingi, kama habari ya kawaida tu. Alama zenyewe hakuna aliyezitaja. Mimi nilikuwa nimezizoea kiasi kwamba mtu angeniuliza binamu yangu ana alama ngapi usoni, ningelazimika kufikiri.

Alasiri moja mama alikuwa ameenda sokoni, na sisi tulikuwa chumbani tukitafuta upepo. Binamu yangu alikiona kile kikopo cha krimu dirishani. Tulikuwa tukizungumza Kisomali, kama tulivyofanya tukiwa wawili; maneno yetu ninayaandika hapa kwa Kiswahili. Lakini neno moja alilisema kwa Kiswahili chake cha shuleni, akiigiza mwuza duka wa kwao: akaniambia nimpake na yeye hiyo “boda,” yaani poda, kwa kuwa Kisomali hakina sauti ya p. Tulicheka. Ulikuwa mchezo tu, kama tulivyokuwa tukipakana manjano tukiwa wadogo.

Nilimketisha karibu na dirisha. Nilichukua krimu kwa ncha ya kidole na kuanzia kidevuni, kama kitabu kilivyoelekeza, nikipanda juu. Nikaona kwamba nambari nne ilikuwa yake. Iliingia kwenye ngozi yake kana kwamba ilitoka humo. Nilipaka shavu la kulia, kisha la kushoto, na alama ya shavuni ikapotea. Nikaacha kucheka. Nilipaka paji lake taratibu, nikigonga kwa kidole juu ya kila alama, nikaongeza kidogo, nikatia poda. Zote nne zikaondoka. Nikampaka wanja, nikampa kioo.

Alijitazama kwa muda mrefu. Sikuweza kungoja.

“Sasa umekuwa mzuri,” nilimwambia.

Nimeisikia sentensi hiyo katika kichwa changu mara nyingi kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kusema. Ni neno “sasa” linalonirudia. Wakati ule halikuniuma hata kidogo. Niliona nimemsifu.

Mama alirudi akiwa na jirani yetu, mke wa mwuza nguo. Jirani alisimama mlangoni akaweka mkono kifuani. Aliuliza ni nani aliyefanya kazi ile, na nilipojibu kwamba ni mimi, akaniambia kwamba binti yake naye ataolewa baada ya Idd na kwamba atanihitaji. Mama alitazama tu. Alisema anakwenda kuchemsha maji ya chai, akatoka. Nilidhani ana wivu kwa ajili ya hina yake.

Siku ile nililala nikiwa mtu mwingine. Nilijiona nikiitwa nyumba hii na ile, nikiwa na mkoba wangu wa vipodozi, wanawake wakinipisha njia. Kazini nilikuwa mpiga taipu wa mwisho, niliyesahihishwa na kila mtu. Kwenye urembo nilikuwa nimeona mlango.

Asubuhi yake binamu yangu alinawa uso kwa qasil, akaniambia kwamba mchezo ulikuwa mzuri lakini siku ya harusi atapaka hina na wanja, basi. Alisema krimu ile ilimfanya ajione ameazima uso wa mtu. Alisema kwa mzaha, kisha akaendelea kuchambua mchele.

Ningeweza kuishia hapo. Wiki nzima sikusema kitu. Lakini jirani aliuliza tena, na mke wa karani mkuu alikuwa amesikia, na kila mmoja alitaka kuona kazi yangu juu ya bibi harusi. Kwa hiyo siku moja tukiwa tunaanua nguo nilimwambia binamu yangu habari za picha. Mwalimu wa chekechea aliyekuwa rafiki wa mama angekuja na kamera yake ya flashi kuwapiga wanawake picha. Nilimwambia kwamba flashi ina tabia ya kuzitoa alama za moto. Nilimwambia kwamba kwa macho hazionekani sana, lakini kwenye picha zitatokea nyeupe kabisa, kama matundu, na picha za harusi watu huzitundika ukutani miaka mingi, watoto wake watazitazama.

Ulikuwa uongo. Sikujua lolote kuhusu flashi. Niliutunga pale pale, nikiwa nimeshika ncha ya shuka na yeye ameshika ncha nyingine, na niliutunga kwa sauti ya upole, sauti ya mtu anayemwonea mwenzake huruma.

Alikunja shuka. Akauliza, “Kama matundu?”

Nikasema ndiyo.

“Basi unipake,” akasema.

Niliagiza vikopo vitatu vya nambari nne, na mara hii kifurushi kilifika upesi. Nililichukulia hilo kuwa baraka.

Siku ya wanawake ilikuwa Alhamisi. Baada ya swala ya adhuhuri nyumba ilianza kujaa, na ua ulifunikwa kwa maturubai. Nilimfungia binamu yangu chumbani tangu saa nane, na kwa muda wa saa moja na zaidi sikumruhusu mtu kuingia. Nilimpaka vizuri. Sina budi kukiri hivyo, kwa sababu kama ningefanya ovyo huenda mambo yangekuwa mepesi baadaye. Krimu haikuvuja, poda ilishika, wanja ulimkaa kama ulichorwa na mtu mwenye ujuzi wa miaka. Alipotoka, wanawake walipiga vigelegele, na wale waliokuwa wakighani mashairi ya kumsifu bibi harusi waliongeza beti juu ya uso wake ulio safi kama maziwa. Eddo, mamake, alilia. Watu walimwuliza bibi harusi ni nani aliyempamba, naye akaninyooshea kidole, na kwa muda kidogo ilikuwa ni harusi yangu.

Nyanya alifika katikati ya shangwe hizo. Alikuwa ametoka Hadado kwa lori la mifugo, siku mbili njiani pamoja na kulala kwa jamaa, na tulidhani hatawahi. Macho yake yalikuwa yamekwisha karibu yote. Aliona mwanga na vivuli. Alitutambua kwa mikono. Kila mjukuu aliyemkaribia alishikwa uso kwa viganja viwili, akapapaswa kuanzia nywele hadi kidevu, kisha akaitwa kwa jina lake, na hakukosea.

Wanawake walimpisha. Binamu yangu aliinuka, akapiga magoti mbele yake na kumwamkia. Nyanya akamshika uso. Vidole gumba vyake vilienda moja kwa moja kwenye paji, vikasimama. Vikazunguka pale. Vikashuka shavuni, vikarudi juu. Krimu ni kitu cha kuteleza, na chini yake alama zile zilikuwa laini tangu zamani; sijui aligusa nini na nini hakugusa. Aliondoa mikono yake, akavisugua vidole vyake pamoja, akavinusa.

Kwa sauti ya kawaida kabisa akauliza, “Ziko wapi?”

Binamu yangu alinigeukia mimi. Nilijisogeza karibu na kuinama kwenye sikio la nyanya, nikamweleza kwamba ni mafuta ya harusi tu, ni desturi ya mjini, yataoshwa kesho. Nilicheka kidogo, ili waliokaribu waone kwamba ni jambo la kuchekesha. Wachache walicheka.

Nyanya alipangusa vidole vyake kwenye ncha ya guo lake, kimoja kimoja. Kulikuwa na michirizi ya rangi ya nambari nne kwenye kile kitambaa cheusi.

“Mimi nilidhani nilifanya vizuri,” akasema.

Kisha akaomba maji ya kunywa, akaketishwa kwenye godoro, na shughuli ikaendelea. Mwalimu wa chekechea alipiga picha. Binamu yangu alitabasamu katika kila moja, na krimu haikuharibika ila pale nyanya aliposhika, nami nikaenda na kikopo nikaparekebisha mbele ya watu wote.

Nyanya alikaa kwetu siku nne. Niliogopa kukaa naye peke yangu, nikajitafutia kazi ofisini hata Jumamosi. Siku ya kuondoka alinishika uso kama kawaida, akaniita kwa jina langu, akaniombea dua ndefu ya mume na watoto. Sikumwambia kitu. Nilijiambia kwamba amesahau, mtu wa umri ule. Mvua zile kubwa, zilizogeuza nchi yetu yote kuwa ziwa na kukata barabara kwa miezi, zilipokuja, ndipo alipofariki kule Hadado. Habari zilitufikia kwa redio ya polisi siku tano baada ya kuzikwa. Hakuna aliyeweza kwenda. Mama alinikuta nyuma ya nyumba nikilia akadhani ni kilio cha mjukuu, akanikumbatia, nami nikamwacha adhani hivyo.

Baada ya harusi binamu yangu alihamia nyumba ya walimu, upande wa pili wa mji. Mwezi wa kwanza alikuja kuniomba kikopo cha pili, akakichukua kwa haraka kana kwamba kilikuwa dawa. Mwezi wa tatu alichukua cha mwisho. Mumewe alikuwa mtu mpole, na nina hakika hakuwahi kumwambia neno juu ya alama zile. Alikuwa amemwona kabla ya kumposa, na alimtaka hivyo hivyo. Lakini sasa binamu yangu alijipaka kabla ya kwenda dukani. Alijipaka mgeni akibisha hodi. Aliniambia yeye mwenyewe kwamba huamka kabla ya mumewe ili ajipake, na aliniambia akicheka kwa namna ambayo sikuizoea.

Niliagiza tena. Fomu na posta oda vilirudi baada ya wiki sita, bahasha imepigwa muhuri kwamba sanduku limefungwa. Niliandika barua mbili nyingine. Nilimtumia salamu yule karani wa bara aliyehamishiwa kwao, naye akanijibu kwamba kampuni ile haipo tena, wenyewe hawajulikani walikoenda. Nilizunguka maduka yote ya Garissa, nikaagiza kwa madereva wa Nairobi rafiki za babangu. Wakaleta krimu za rangi nyingine, zilizomwacha kama amepakwa chokaa, au za kahawia iliyokolea zilizoonekana kama uchafu. Alizijaribu zote. Alikaa mbele yangu kwenye kiti kile kile, ameinua uso, amefumba macho, akiningojea nimrudishie kile nilichompa. Sikuweza.

Ndipo akaanza kufunika uso. Majirani walimsifu kwa dini yake, na wanawake wengi wa mji wetu hufunika uso kwa sababu njema, kati yao na Mola wao. Yeye hakuwa na uongo kuhusu jambo hilo, angalau kwangu. Aliniambia kwamba ameona haya mbele ya Mungu, kwa kuwa watu wanamhesabia uchaji ambao si wake. Nilikuwa na nafasi nzuri ya kusema, nikauliza habari za mumewe.

Mimi, nami niseme kweli, sikuacha kupamba. Mwaka ule nilipamba mabibi harusi watano, kwa wanja na rangi ya mdomo na vitu nilivyovipata. Nilipendwa. Niliitwa hadi Banissa mara moja, kwa gari la kiongozi mmoja, nikakaa siku tatu nikiheshimiwa kama daktari. Nilipoacha, niliacha kwa sababu nilipandishwa cheo na sikuwa na wakati tena. Ningependa kuandika kwamba niliacha kwa majuto.

Miaka minne baada ya harusi alijifungua mtoto wake wa pili, msichana. Nilienda kumwona siku ya kumi, mchana, mumewe akiwa shuleni. Mtoto alikuwa amelala juu ya mapaja yake, na yeye alikuwa amefunua kichwa kwa sababu ya joto, lakini mkono mmoja ulikuwa shavuni, kama alivyokuwa na desturi ya kukaa siku hizo. Nilitazama ule mkono. Nilikuwa nimekwenda kupeleka nguo za mtoto na asali, sikuwa nimepanga lolote. Nikajisikia nikisema kwamba ile habari ya flashi niliitunga. Nilimwambia yote: jirani, mke wa karani mkuu, jinsi nilivyotaka wanione. Nilimwambia kwamba alama zake sikuwahi kuziona mbaya, na kwamba kabla ya siku ile hata idadi yake sikuijua.

Alimsogeza mtoto vizuri kabla ya kujibu.

“Nilijua ni uongo,” akasema. “Nilikuwa nimepigwa picha ya kitambulisho Wajir miezi mitatu kabla. Kwa flashi. Nilikuwa nayo kwenye begi langu siku ile tunaanua nguo. Alama zilitokea kama zilivyo, na sikuwa nimefikiri kitu.”

Nilimwuliza kwa nini basi alikubali.

Akaniambia kwamba alirudi chumbani siku ile akaitoa picha, akaitazama, kisha akajitazama kwenye kioo. Alijua kwamba mimi ninampenda. Akajiuliza ni kwa nini mtu anayempenda hivyo amdanganye, akaona sababu ni moja tu: kwamba alama zile zinatisha kweli, na kila mtu amekuwa akimficha tangu utotoni, na mimi nimetafuta njia ya upole ya kumwambia.

“Niliona umenihurumia,” akasema. “Ndiyo maana nilikubali.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na kama si hasira basi machozi. Nilimwomba msamaha kwa maneno ambayo siyakumbuki. Akasema amenisamehe, na kwamba hakuna haja ya kulirudia jambo hilo tena. Alisema hivyo kwa wema, na ninaamini alikuwa na maana ya kila neno. Kisha akanipa mtoto nimbebe akaenda kuandaa chai.

Nilikuwa nimedhani kwamba nikishasema, yeye atapona. Hilo nalo lilikuwa kosa. Ukweli wangu ulikuja miaka minne umechelewa, na alikuwa ameshajizoeza kuzitafuta alama zake kwenye kila kioo, kila kioo cha gari, kila sufuria iliyong'aa. Ilichukua miaka mingi zaidi, na hakusaidiwa na mimi. Watoto wake ndio waliomsaidia, kwa kuwa walikuwa wengi na wakorofi na hawakumpa nafasi ya kukaa mbele ya kioo. Taratibu aliacha kuweka mkono shavuni. Taratibu alianza tena kuigiza watu. Mumewe alinieleza siku moja, akiwa na furaha, kwamba mkewe amekwenda kikao cha wazazi shuleni uso wazi na kuhutubia.

Leo anakaa na majirani zake kibarazani, uso wazi. Anakwenda sokoni hivyo, anapokea wageni hivyo. Nimemwona kwa mbali, nikikaribia lango lake, akicheka na wanawake wenzake, alama zote nne zikiwa juani. Lakini nikibisha hodi mimi, na akasikia sauti yangu, mkono wake unainuka wenyewe na kuuvuta ukingo wa mtandio hadi shavuni. Nadhani hajui kwamba anafanya hivyo. Ananikaribisha, anauliza hali ya mamangu, ananikalisha mahali penye upepo. Tunakunywa chai. Huwa ninatazama kikombe changu, ili asione kwamba nimeona, na ninakaa muda mfupi kuliko ninavyotaka, kwa sababu najua nikishaondoka atauachia ule mtandio.